Milimita Tatu za Marehemu Barthélemy Mwepu

Kitu cha kwanza ambacho mpwa wake Delphine alikiona kwa mjomba Barthélemy, siku aliyoshuka kwenye treni mwezi wa Septemba 1979 ili aanze sekondari hapa Likasi, hakikuwa uso wake, wala ule mkono wa kuume usiofunga. Ilikuwa spoki ya baiskeli. Ilichomoza katika mfuko wa shati lake, imekunjwa ncha kama ndoana ndogo. Kabla hajamuuliza mtoto wa dada yake habari za safari, aliichomoa, akaitumbukiza katika tundu la kufuli la sanduku la msichana, akaibana kwa ukucha pale ilipoishia, akaitazama juani.

"Makumi mbili na moja," alisema. Kisha akasema, "Ulifika muzuri?"

Alipima kila kitu chenye tundu: shingo ya chupa, filimbi ya mwalimu, bomba la baiskeli ya jirani. Kule mtaani Kikula watu walimwita Bwana Tundu, na wengine walisema kifungo kilimharibu akili. Wasifu huu umeandikwa na Delphine, ambaye ndiye anayeusoma hapa kaburini, ili ijulikane marehemu alikuwa anatafuta nini. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza uandikwe hivi. Alisema: "Andika milimita. Usiandike nilikuwa muntu muzuri, batu bataanza kucheka."

Barthélemy Mwepu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1931 karibu na misheni ya Mulungwishi. Alikuwa mtoto wa nne, na wa kiume pekee, wa mzee Dominique Kapya, mkulima wa mihogo na mahindi, na mama Philomène. Jina lake la ubatizo, ambalo tangu mwaka 1972, serikali ilipokataza majina ya Kikristo, halikuandikwa tena kwenye karatasi zake za kazi, familia imelirudisha leo kwa sababu ndilo lililochongwa kwenye msalaba. Dada yake mkubwa, mama Hortense, aliyembeba mgongoni hadi akajua kutembea, anasimulia kwamba mtoto huyo hakulia alipoanguka. Alirudi kutazama kile kilichomwangusha.

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia 1938 hadi 1946. Katika imla ya Kifaransa alikuwa wa mwisho, katika sehemu za hesabu alikuwa wa kwanza, na hakuna mwalimu aliyefanikiwa kuyabadilisha hayo mawili. Mwaka 1947 alikuja mjini, wakati mji huu bado unaitwa Jadotville, akajifunza ufundi wa injini kwa miaka mitatu. Cheti chake cha tarehe 30 Juni 1950 kingali ukutani, na chini yake mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Mikono mizuri. Hana huruma kwa wanaokosea."

Kazi aliianza Januari 1951 katika karakana ya magari ya kampuni ya migodi. Kampuni ilipokuwa mali ya serikali, mwaka 1967, yeye alibaki pale pale, na mwaka 1970 akafanywa mkubwa wa sehemu ya injini. Ujuzi wake ulikuwa katika kichwa cha injini, lile pande la chuma linalofunika silinda, ambamo buji husimama na kutoa cheche. Mafundi wengi walichagua buji kwa kusoma namba kwenye boksi. Yeye hakuliamini boksi. Alisema kichwa kikishaguswa na tupa au mashine, si kile kilichotoka kiwandani tena, na namba ya boksi inamhusu mtu aliyekwisha kufa.

Aliwafundisha hivi wanafunzi wake. Tumbukiza spoki katika tundu la buji mpaka ndoana ishike ukingo wa ndani. Weka ukucha pale buji inapokalia nje. Toa, pima. Huo ndio urefu wa hesi ya buji yako, usizidi wala usipungue. Buji ikiwa fupi, cheche inajificha ndani ya tundu, moto unazaliwa ukiwa mgonjwa, na masizi yanajaa kwenye hesi iliyobaki wazi. Buji ikiwa ndefu, hesi inachungulia ndani ya chumba cha moto, inakuwa nyekundu kama kaa, inawasha petroli kabla ya saa yake, na pistoni inatoboka. Au pistoni inapanda na kuigonga, na hapo hakuna cha kuokoa.

Lazima isemwe pia jinsi alivyowafundisha. Aliyekisia kipimo alivishwa shingoni mkufu wa buji zilizoungua, zilizofungwa kwa waya, akaenda nao kula mchana mbele ya karakana yote. Aliyeuliza swali alijibiwa, "Uliza mama yako, njo alikuzaa bila macho." Basi watu wakaacha kuuliza. Kati ya waliouvaa mkufu ule alikuwamo Constantin, mdogo wa mke wake. Aliuvaa mara tatu katika mwaka 1974, na mara ya tatu ilikuwa siku ambayo mchumba wake alikuwa amemletea chakula.

Mke wake, mama Émérence, alimuoa kanisani tarehe 16 Aprili 1955. Mungu aliwapa watoto watano, na watatu wako hai. Nyumbani hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kuna jambo moja ambalo mama Émérence amelisimulia miaka yote kwa kucheka. Mwezi wa kwanza wa ndoa alimfungia mume wake bukari, ugali wa kwetu, katika kitambaa kila asubuhi, na kila jioni mume alirudi na njaa. Akadhani ana mwanamke mwingine anayempikia. Akamfuata karakanani, akamkuta ameinama juu ya injini iliyo wazi, anabandika bukari ya mkewe juu ya pistoni kama mtu anayeziba ufa. Alifunga kichwa pamoja na buji zake, akaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, akafungua tena, akaitazama ile bukari kuona kama buji imeacha alama.

"Na weye unakula nini?" aliuliza bibi arusi.

"Ile haikuguswa," alijibu, akakata kipande cha pembeni, akakitia mdomoni.

Sasa tunafika siku ambayo kwa ajili yake wengi wenu mmekuja.

Kwa sikukuu ya chama tawala, tarehe 20 Mei 1976, yalitangazwa mashindano ya magari ya karakana za mji, kutoka Likasi hadi Kambove na kurudi. Mkuu wa karakana alitaka Peugeot yake ishinde, akamwamuru Barthélemy aipe nguvu. Barthélemy alifanya kazi wiki tano. Alipanua njia za hewa, akachimba vyumba vya moto, na katika kuchimba, ukuta wa chuma ukapungua. Tundu la buji lililokuwa na kina cha milimita kumi na tisa likabaki na kumi na sita. Mjini zilipatikana buji za aina mbili tu: fupi za kumi na mbili na nusu, na ndefu za kumi na tisa. Za kumi na sita hakuna aliyewahi kuzitengeneza. Ilibidi buji ndefu iinuliwe kwa pete ya shaba yenye unene wa milimita tatu, moja kwa kila silinda.

Mtu wa mbali atashangaa: Likasi, na shaba ikakosekana? Ndugu zangu, mnajua. Shaba ya karakana ilikuwa ya kampuni hata ikiwa taka ya sakafuni, na aliyeonekana nayo mfukoni hakuulizwa mara mbili. Mkuu hakutaka kusaini karatasi kwa ajili ya gari lake mwenyewe. Basi Barthélemy alirudi nyumbani tarehe 17 Mei, akafungua sanduku la mke wake, akatoa bangili pana ya shaba nyekundu ambayo marehemu mama mkwe wake alimwachia binti yake kitandani pa kufa. Hakuomba. Unene wake aliupima kwa kipimo chake cha chuma: milimita tatu kamili. Aliikata pete nne.

Mama Émérence aliona sanduku lake wazi jioni ile ile.

"Bangili ya mama yangu iko wapi?"

"Iko mu kichwa ya mutokari ya chef."

"Weye iko muntu ao iko nyama?"

"Nitakupa ingine."

"Mama ingine utanipa?"

Kwa siku mbili hakumpikia. Asubuhi ya sikukuu alimwita Constantin, mdogo wake, ambaye ndiye aliyekabidhiwa kulinda gari hadi saa ya mashindano. Alimwambia maneno machache: "Mama yetu amekatwa vipande, amewekwa mu injini. Uniletee."

Barthélemy alikuwa amemaliza kila kitu saa moja asubuhi. Alikuwa amepima kwa spoki, amepima kwa bukari, na bukari ilitoka laini. Saa tatu aliamriwa aende nyumbani avae shati la kitenge cha chama, kwa kuwa wakubwa wote wa sehemu walitakiwa wapige picha wakiwa wamevaa sare. Kwenda na kurudi kulimchukua dakika arobaini. Katika dakika hizo Constantin alifungua buji nne, akatoa pete nne, akazifunga buji kama zilivyokuwa. Aliona tu kwamba buji zimekaa chini zaidi, zimebana vizuri, hata zinapendeza. Hakujua pete zile zina kazi gani. Hakuwahi kuuliza, na tumekwisha kusema kwa nini katika karakana ile hakuna aliyeuliza.

Peugeot iliongoza hadi kilomita ya kumi na moja. Kwenye mlima, mbele ya jukwaa la wageni, ilipiga mlio kama wa mtu anayepasua kuni, ikatoa moshi mweupe, ikasimama. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu ambalo kidole gumba kingepita. Neno "hujuma" lilitamkwa na mtu mmoja, kisha likatamkwa na wote. Barthélemy alichukuliwa akiwa bado na lile shati la sikukuu mwilini.

Hakurudi hadi tarehe 11 Januari 1977. Familia haikuonyeshwa mahali alipowekwa, na hakuna lawama iliyoandikwa hapa kwa mtu yeyote asiye wa nyumba yetu. Alirudi na meno pungufu, na mkono wa kuume uliobaki wazi kama wa mtu anayepokea kitu. Kazi ilikuwa imekwisha, na nyumba ya kampuni ilikuwa imepewa mwingine. Walihamia Kikula, wakajenga kwa matofali waliyoyafinyanga wenyewe. Nafasi yake karakanani alipewa Constantin.

Na kila mwezi, kwa miaka minane, shemeji Constantin alileta gunia la unga. Aliliweka mlangoni, akasema, "Beau, shemeji, nimepita tu," akaenda bila kukaa. Watoto walikua kwa unga ule. Barthélemy alimsifu mbele ya watu. Alisema, "Nilimuvika mukufu, na angalia sasa. Minye sikustahili shemeji kama huyu."

Mwaka 1981, lile gari lililoungua lilipotolewa nyuma ya karakana, Constantin aliagiza likokotwe hadi uani kwa Barthélemy. Lilikuja bila buji; pistoni iliyotoboka aliibadilisha kwa nyingine kuukuu. Tangu siku hiyo marehemu alilifungua na kulifunga kwa mkono wa kushoto, akitafuta kosa lake. Hapa ndipo penye uchungu wa maisha haya, na Delphine, aliyekuwa akifanya masomo yake uani pale pale, aliuona kila siku. Si kifungo kilichokuwa kikimla mjomba. Kila alipotumbukiza spoki alipata kumi na sita. Kumi na sita na tatu ni kumi na tisa. Hesabu ilikuwa sawa, lakini pistoni ilikuwa imetoboka. Mwishowe aliamua kwamba shaba ndiyo iliyomsaliti, kwamba ilikuwa laini mno, ikasagika kwa joto, ikawa nyembamba. Alikusanya kila kipande cha shaba alichokiona, akakipasha moto, akakigonga, akakipima. Hakisagiki. Akakitupa, akachukua kingine.

"Sasa nilikosea wapi?" alimuuliza mke wake jioni moja, na sauti yake haikuwa ya hasira. "Émérence, weye uliona kazi yangu makumi mbili ya miaka. Niambie, nilikosea wapi?"

"Kula, bukari inapoa," alijibu mama Émérence.

Mwezi wa Oktoba 1984 alianza kukohoa. Desemba aliingia hospitali, na Januari alirudishwa nyumbani kwa kuwa mapafu hayakuwa na dawa. Alhamisi tarehe 14 Februari 1985, saa nne asubuhi, mama Émérence aliingia chumbani na kopo la sukari, akalimimina juu ya blanketi. Zilianguka pete nne za shaba.

Marehemu alichukua moja, akaigusa kwa ukucha pande zote. Delphine alikuwa ameketi karibu na dirisha, na maneno yafuatayo aliyasikia mwenyewe.

"Milimita tatu," alisema mjomba. "Haikusagika."

"Hapana."

"Haikuungua."

"Haikufika ku mulima, Barthélemy. Constantin aliitoa asubuhi. Minye njo nilimutuma."

Alicheka. Alicheka hadi kikohozi kikamshika, akafutwa damu mdomoni, akacheka tena. "Sikukosea!" alisema. "Delphine, unasikia? Mujomba wako hakukosea!" Miaka minane na miezi tisa uso wake haukuwa umefanana na ule wa dakika hiyo. Kisha kicheko kikaisha taratibu, na macho yakarudi kwa mke wake.

"Ulizipata siku gani?"

"Siku ile ile. Alinipa mu mukono, mutokari haiyatoka bado."

"Na kisha banikamate, ulizificha."

"Bangalimukamata yeye. Bangalimuua. Iko mutoto wa mama yangu."

"Na kisha nitoke kifungoni?"

Mama Émérence alilichukua kopo tupu la sukari, akalifunika.

"Kisha nitoke, Émérence. Pale uani. Nilikuuliza."

"Bangili ulikata bila kuniuliza," alisema mama Émérence, "na mu karakana hakuna muntu alikuwa na ruhusa ya kukuuliza kintu. Tulijifunza kwako kunyamaza."

Marehemu aligeukia ukuta. Siku kumi na tisa zilizobaki hakusema naye neno, wala hakupokea chakula mkononi mwake. Alilishwa na binti zake.

Siku mbili baadaye aliagiza buji nne zitafutwe, akazivisha pete kwa mkono wake wa kushoto, kitandani. Mwanawe Benoît na Delphine walizifunga katika injini kwa maelekezo yake ya dirishani. Waliweka bukari juu ya pistoni zote nne, wakafunga kichwa, wakazungusha mara mbili, wakafungua, wakamletea bukari ile kwenye sahani. Aliitazama muda mrefu. Ilikuwa laini kama paji la uso wa mtoto.

"Hakuna alama," alisema. "Nani aliipika?"

"Mama," alijibu Benoît.

"Bon. Kwa pistoni inatosha." Akaisukuma sahani.

Injini hakutaka iwashwe akiwa hai. Alisema, "Ikiwaka nikiwa hapa, mutasema mulinihurumia, mulifunga vile nilitaka kusikia." Aliagiza kwamba siku ya maziko yake, baada ya udongo, Constantin aiendeshe barabara ile ile, hadi Kambove na kurudi, mlima ule ule, bila kupunguza mwendo.

Alifariki Jumanne tarehe 5 Machi 1985, saa nne na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Spoki ilikuwa kifuani.

Watani wa ukoo walifanya kazi yao kilioni, kama inavyopasa. Mama Gertrude aliingia jana asubuhi akiwa amevaa mkufu wa buji mbovu shingoni, akaichukua spoki, akaanza kupima jeneza mbele ya waombolezaji. "Barthélemy! Ulipima tundu ya kila muntu, sasa nani alipima yako? Sanduku iko mufupi, cheche itajificha! Amuka, uniulize nikutukanie mama!" Watu walicheka na kulia pamoja. Mama Émérence, chini kwenye mkeka, alicheka pia, na mama Hortense akamwona.

Constantin alifika Jumatano, na gunia begani. Mama Hortense alimkuta langoni.

"Umeleta unga?"

"Ndiyo, yaya," alijibu, kama anavyoitwa kwetu dada mkubwa.

"Rudisha. Leo hatukuli unga, tunakula milimita."

"Yaya, niliogopa."

"Sisi wote tuliogopa. Yeye njo aliogopea ndani."

Leo asubuhi mama Hortense, kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba ya marehemu, na ni nyumba ya marehemu inayomfungua mjane, alitoa neno lake mbele ya wazee wa pande zote mbili. Kitambaa cha kilio cha Émérence hakitavuliwa kwa mwezi wala kwa mwaka. Kitavuliwa siku gari litakapokwenda Kambove, lirudi au lisirudi. Likisimama mlimani tena, basi ndugu yake alikosea, na yeye Hortense atapiga magoti juu ya kaburi hili na kuwaomba radhi Constantin na Émérence, na kitambaa kitavuliwa kwa mkono wake mwenyewe. Likirudi zima, Constantin atasema kwa kinywa chake mbele ya watu wa karakana, wanaume kwa wanawake, kwamba kipimo kilikuwa sawa. Hapo Émérence atafunguliwa, na hatakuwa tena mke wa nyumba hii.

Mama Émérence alisikia yote. Aliuliza jambo moja tu: kama itakuwa leo. Alipoambiwa ndiyo, alisema, "Muzuri. Nimechoka kungoja." Wazee hawakuelewa anangojea lipi kati ya mawili, na hakuna aliyemuuliza.

Marehemu ameacha mjane, Émérence, watoto watatu, Benoît, Albertine na Suzanne, wajukuu wanne, dada mmoja, Hortense, wapwa, na shemeji mmoja, Constantin, ambaye amesimama karibu na lango la makaburi na ufunguo mkononi. Ameacha spoki moja, ambayo mama Hortense ataishika akiwa ameketi kando ya dereva.

Mnaombwa msitawanyike baada ya sala. Leo, Jumamosi tarehe 9 Machi 1985, saa tisa kamili, Peugeot itatoka langoni. Walioihesabu barabara wanasema ikiwa itafika, itaanza kusikika kwenye kona ya mwisho kabla ya saa kumi. Tutabaki hapa, karibu naye, kimya, tukielekeza masikio upande wa Kambove.

Alale Barthélemy Mwepu mahali ambapo hakuna atakayempima tena. Lakini Bwana amwache macho saa moja zaidi, asikilize pamoja nasi.